CCNA na maswali ya labu: Packet Tracer inatosha au niende Kariakoo nikanunue swichi?

Binti_Segerea

Habari za jioni wakuu,

Mimi ni mtu wa TEHAMA kwenye shule moja ya binafsi hapa Dar. Nikisema "mtu wa TEHAMA" mnanielewa: Wi-Fi ikigoma naitwa mimi, printa ikitafuna karatasi naitwa mimi, projekta ya ukumbini ikitoa rangi ya kijani naitwa mimi. Nimeamua nifanye CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, mtihani huu wa 200-301, kwa hela yangu mwenyewe. Dola 300 kwa mshahara wangu si hela ya kwenda kubahatisha.

Nadharia inaingia. Sabuneti nahesabu, VLAN (kugawa swichi moja kuwa mitandao kadhaa) naelewa, OSPF (ruta kupashana njia zenyewe) naelewa nikiwa nasoma. Kinachonitia matumbo joto ni maswali ya labu, yale unawekewa ruta na swichi kwenye skrini halafu unaambiwa uandike amri mwenyewe. Waliofanya miaka ya nyuma wananiambia ni kuchagua A, B, C tu, wa karibuni wanasema labu zipo na zinatesa.

Nina laptopu ya ramu 8, Packet Tracer, ile programu ya Cisco ya kuigiza mitandao, imo. Rafiki yangu mmoja anasema hiyo ni ya watoto, nisimike GNS3 au EVE-NG. Mwingine anasema bila kushika swichi kwa mkono sijaiva, niende Kariakoo nikatafute ya mtumba. Umeme wa huku kwetu Segerea nao una mambo yake.

Najisomea usiku mtoto akishalala, kwa hiyo muda wenyewe ni wa kubana. Mwenye uzoefu anisaidie, nguvu zangu niziweke wapi? Natanguliza shukrani.

---

Fremu_ya_Nyuma

Dada karibu Kariakoo 😀

Swichi za Cisco, Catalyst 2960 za mtumba, zinapatikana. Bei ni wewe na mdomo wako. Ushauri wa bure hata usiponunua kwangu: usitoe hela kabla swichi haijawashwa mbele yako na ukaona show version kwa macho yako. Njoo na laptopu na kebo ya konso, ile ya kuunganisha laptopu na swichi uiandikie amri, siku hizi zipo zenye USB upande mmoja. Muuzaji akikwambia "kebo hatuna ila mashine nzima kabisa", aga uondoke.

Nyingi zinatoka maofisini na nywila ya ofisi bado imo ndani. Isikutishe. Chomoa umeme, shikilia kitufe cha Mode huku unarudisha umeme, ikikuletea alama ya switch: andika flash_init, badilisha jina la faili la config.text, kisha boot. Inaamka haina kumbukumbu ya mtu.

Ila zile zenye feni zina kelele. Chumba kimoja na mtoto aliyelala, hapana.

---

Ruta_Bila_Ruti

Mnamchosha dada wa watu bure. Kuna faili za maswali zinazunguka kwenye makundi ya simu, unameza, unaenda, unatoka na cheti. Hizo labu zenyewe zimo humo na majibu yake. Mambo ya kushikilia vitufe kwenye swichi waachieni wazee.

---

Konso9600

Wazee tumesikia.

Ruta mdogo wangu, Cisco wakikubaini na maswali ya wizi wanafuta matokeo na wanaweza kukufungia usifanye tena mitihani yao. Hilo ni juu yako. La kwangu ni hili: mimi hukaa kwenye usaili wa mafundi kazini kwetu. Mtu analeta cheti kizuri, nampa laptopu iliyochomekwa kwenye swichi, namwambia weka mlango wa 7 kwenye VLAN 30. Anaitazama skrini kama anayesubiri daladala. Basi, tumemaliza usaili.

Dada Binti, tuje kwako.

Packet Tracer inatosha. Nasema hivyo na nyumbani kwangu Ukonga nina swichi mbili na ruta moja chini ya kitanda. Ni ya bure ukijisajili Cisco Networking Academy, haili ramu nyingi, na umeme ukikatika unaendelea na betri. Karibu kila kinachotakiwa CCNA kimo: VLAN, tranki (kiungo kimoja kinachopitisha VLAN nyingi), EtherChannel, OSPF, ACL, NAT, DHCP, SSH, IPv6. Kuna amri za show ambazo haina, utazijua kwa kukataliwa, andika pembeni usonge mbele. GNS3 na EVE-NG ni nzuri kwa aliye mbele yako, lakini zinataka utafute mwenyewe programu za hizo ruta, na nakuhakikishia usiku wako wa kwanza, wa pili na wa tatu utaishia kwenye kusimika, si kusoma. Cisco wenyewe wana Cisco Modeling Labs yenye toleo la bure la vifaa 5, ila kwa ramu 8 laptopu yako itaomba msamaha.

Swichi ya mtumba nunua siku ukiwa na hela ya ziada. Inafundisha mikono: kebo, taa, kusubiri iwake, kujua kwamba kasi ya konso ni 9600. Inafundisha pia kwamba vifaa havifanani. Kwenye swichi ya 3560 ukiandika switchport mode trunk inaweza kukukatalia mpaka utangulize switchport trunk encapsulation dot1q. Kwenye 2960 hiyo amri ya pili haipo kabisa, kwa sababu kati ya namna za kuweka alama za VLAN kwenye tranki, 2960 inaijua dot1q peke yake. Ukishalijua hilo, umelijua. Halihitaji feni ipige kelele chumbani miezi yote.

Sasa namna ya kufanya labu, maana hapa ndipo wengi wanapoteza muda. Wanafungua video, jamaa anaandika, nao wanaandika, inafanya kazi, wanafurahi, wanalala. Vidole vimefanya zoezi, kichwa kilikuwa likizo.

Mimi nina sharti moja tu: kabla hujabonyeza Enter kwenye amri yoyote ya show, sema kwa mdomo utaona nini. Kwa sauti. Mwenzio nyumbani akikushangaa, ashangae.

Mfano. Tranki yako inapitisha VLAN 10 na 20. Unaambiwa uongeze 30. Unaandika:

switchport trunk allowed vlan 30

Swichi haikulalamika. Sasa unataka kuandika show interfaces trunk. Simama. Utaona VLAN gani zinaruhusiwa? Asilimia kubwa ya ninaowauliza wanajibu 10, 20, 30. Bonyeza Enter uone: iko 30 peke yake. Hiyo amri haiongezi, inafuta orodha na kuandika upya. Ya kuongeza ni switchport trunk allowed vlan add 30. Neno moja. Nimewahi kuitwa kwenye ghala moja njia ya Vingunguti, fundi aliyepita alikuja kufunga kamera, akaweka VLAN ya kamera kwa staili hiyo. Kamera zikawaka vizuri sana. Kompyuta za mizani na simu zote zikafa, magari yamepanga foleni mpaka barabarani. Na yeye alishaondoka, maana kazi yake ilikuwa kamera na kamera zinaonyesha.

Mfano mwingine, huu wa ruti, na uupe muda kwa sababu sehemu ya uunganishaji wa IP ndiyo nzito kuliko zote kwenye mtaala, asilimia 25. Ruta inakuonyesha hivi:

S 172.16.5.0/24 [1/0] via 10.1.1.2
O 172.16.5.0/26 [110/3] via 10.1.1.6

Pakiti inakwenda 172.16.5.40. Inapita wapi? Aliyemeza atakwambia ya S (ruti iliyoandikwa kwa mkono; O ni ya OSPF), kwa sababu 1 ni ndogo kuliko 110. Sivyo. Ile 1 na 110 zinapigana pale ruti mbili zinapogombea mtandao uleule wenye kipimo kilekile. Hapa /24 na /26 ni mitandao miwili tofauti, zote zimeingia kwenye jedwali, na pakiti hufuata ile yenye namba kubwa zaidi baada ya mkwaju, yaani iliyo mahususi zaidi. 40 iko ndani ya 0 hadi 63, kwa hiyo inapita kwa O, 10.1.1.6. Badilisha iwe 172.16.5.90, imetoka nje ya /26, inapita kwa S. Kaa na jedwali kama hilo, jitungie anwani, jibu kwa mdomo, kisha thibitisha kwa ping na traceroute.

Kuhusu mtihani wenyewe: ni dakika 120 na ukishapita swali hurudi nyuma. Labu zinakula dakika kuliko swali la kuchagua, kwa hiyo kwenye maswali ya sabuneti usikae unakunja vidole. Ukiona 10.20.30.77/27 itoke papo hapo: hatua za 32, mtandao .64, mwisho .95, wa kutumika .65 hadi .94. Kwenye labu soma maelekezo yote kabla ya kugusa kibodi, tumia alama ya kuuliza na Tab pale zinapokubali, na ukiambiwa uhifadhi, hifadhi: copy running-config startup-config kwenye kila kifaa ulichogusa.

Wengine wanaandika amri sahihi kwenye kifaa kisicho chake. Tazama jina la kifaa mwanzoni mwa mstari, kila mara.

---

Binti_Segerea

Shikamoo mkuu Konso, kama umri unaruhusu 😀

Nimejaribu ile ya tranki sasa hivi. Nilisema kwa sauti "kumi, ishirini, thelathini" kabla ya Enter. Mume wangu ameuliza nacheza bahati nasibu.

Maswali mawili. Labu nikiitengeneza mwenyewe najua kila kitu kilipo, kwa hiyo nikijiharibia mwenyewe najua nilipoharibu. Nifanyeje? La pili, kuna uwezekano wa kufanyia mtihani nyumbani kwa kamera. Ninaona ungeniokolea nauli na foleni. Mnasemaje?

---

MamaBiti

Mdogo wangu hilo la pili niachie mimi.

Usifanyie nyumbani. Masharti yake: chumba uwe peke yako, meza iwe tupu, simu mbali na mkono, unapiga picha chumba pande zote na kuwatumia kabla ya kuanza, halafu msimamizi anakuangalia kwa kamera muda wote. Asiingie mtu. Wewe una mtoto, na mtoto hajui maana ya msimamizi. Akifungua mlango kuomba uji, mtihani unaweza kusimamishwa hapohapo. Bado sijataja umeme, bado sijataja bando. Na labu unaifanyia kwenye kiskrini cha laptopu, mchoro upande huu, maelekezo upande huu, dirisha la amri katikati.

Nenda kituoni. Ingia tovuti ya Pearson VUE, wanaosimamia mitihani hii, tafuta Dar es Salaam, utaviona vituo na tarehe. Jina ulilojisajilia lifanane herufi kwa herufi na kitambulisho utakachokwenda nacho. Kama pasipoti ina majina matatu na wewe umejisajili kwa mawili na la ndoa, rekebisha sasa, siyo asubuhi ya mtihani mlangoni.

Chagua saa ya mchana kama ipo. Ukitoka Segerea asubuhi kwenda mjini unaijua Buguruni. Fika mapema, kunywa chai yako huko huko. Maji usinywe mengi, dakika 120 ni ndefu na saa haikusubiri ukiwa msalani.

Na ikitokea haikwenda vizuri (Mungu apishe mbali), sheria ni kusubiri siku 5 ndipo urudie, na unalipa upya. Ukifaulu, cheti kinaishi miaka 3.

---

Konso9600

Marahaba. Umri unaruhusu, nimeanza na kebo za koaksi.

MamaBiti amemaliza, sina la kuongeza kituoni.

La kuharibu: tafuta mtu akuharibie. Hapo shuleni hamkosi mwalimu wa kompyuta. Mtengenezee labu ndogo inayofanya kazi, ruta 2, swichi 2, hifadhi, mpe faili na karatasi ya makosa. Yeye achague mawili, aharibu, akurudishie bila kukwambia. Hahitaji kuelewa anachofanya, ananakili tu kutoka kwenye karatasi. Karatasi nitakuandikia leo usiku nikutumie kwenye ujumbe wa ndani, na usiifungue, mpe kama ilivyo.

Ukipokea faili usianze na show running-config. Najua inavutia, kila kitu kipo pale. Ila ukizoea kusoma faili zima kutafuta kosa kwa macho, siku ya swichi yenye milango 48 utasoma mpaka asubuhi. Anza na dalili. Nani hampati nani? Ping inaishia wapi? Halafu amri inayojibu swali hilo moja.

---

Ruta_Bila_Ruti

Na mimi naomba hiyo karatasi mkuu. Kwa ajili ya rafiki yangu.

---

Konso9600

Rafiki yako ajisajili Networking Academy kwanza.

---

Binti_Segerea

Wakuu nimerudi. Mwalimu wetu wa kompyuta kaniharibia kwa furaha ambayo sikuipenda.

R1 na R2 zimeungana kwa 10.0.12.0/30. Nyuma ya R2 kuna mtandao wa 10.20.30.64/27, mlango wa R2 upande huo ni .94. R1 inatakiwa ijifunze mtandao huo kwa OSPF, haiujui. Ping ya R1 kwenda R2 inapita. show ip ospf neighbor kwenye R1: tupu kabisa. Nimetazama muda wa hello (salamu za OSPF) upande wa R1, ni 10 na 40 kama kawaida. Nisiombe jibu, niombe pa kutazama.

---

Konso9600

Umeuliza vizuri.

Ping inapita, kwa hiyo kebo na anwani usiziguse. Jirani hayupo kabisa, hata hatua ya mwanzo hajafika. Angekwama kwenye hatua ya EXSTART ningekwambia tazama MTU, ukubwa wa pakiti unaoruhusiwa kwenye mlango. Kutokuwepo kabisa maana yake salamu hazifiki au zinafika na kukataliwa: eneo tofauti, muda wa hello tofauti, maski tofauti, au upande mmoja hausemi kabisa. Upande wa R1 umeshautazama. Nenda R2, show ip ospf interface kwenye mlango unaoelekea R1, soma mpaka mstari wa mwisho.

---

Binti_Segerea

"No Hellos (Passive interface)". Huyu mwalimu!

Yaani mlango ulinyamazishwa. Nimeandika no passive-interface, jirani ametokea, FULL, ujirani umekamilika. Nikaandika show ip route kwenye R1 huku nasema kwa sauti "O, kumi, ishirini, thelathini, sitini na nne". Haipo. Jirani yupo, ruti hakuna.

---

Konso9600

Nilisema achague makosa mawili. Sasa R2 inamjua jirani lakini haitangazi ule mtandao. OSPF inatangaza milango iliyoingizwa tu. Wenye .94 umeingia? show ip ospf interface brief, au kama Packet Tracer yako inaikataa, show ip protocols uone mistari ya network. Kisha chukua kalamu.

---

Binti_Segerea

Imeandikwa network 10.20.30.64 0.0.0.15 area 0.

Nimechukua kalamu. 0.0.0.15 inashika .64 hadi .79. Mlango wangu ni .94, uko nje, kwa hiyo OSPF haijauona. Kwa /27 inatakiwa 0.0.0.31, inafika .95. Nimefuta ule mstari, nimeweka mpya, na sasa R1 inaonyesha O 10.20.30.64/27 [110/2] via 10.0.12.2. Kompyuta zote zinapata ping.

Yaani angeweka mlango kwenye .65 nisingegundua milele, ingefanya kazi hivyo hivyo.

---

Konso9600

Ingefanya kazi, na ndiyo maana kosa hilo hukaa kwenye mitandao ya watu miaka hadi siku mtu abadilishe anwani ya geti. Nimeliandika kwenye karatasi nikiwa na mteja mmoja kichwani.

Mwambie mwalimu wiki ijayo aache ruta, ahamie kwenye swichi: EtherChannel na VLAN za tranki. Atanakili kutoka ukurasa wa pili. Na mwambie sasa aharibu matatu.